The Bold and the Beautiful: nimeikaa nayo miaka, na Ridge sio staa wake

Niseme mapema ili wa kununa anune sasa hivi: Ridge sio staa wa The Bold and the Beautiful. Najua, lile taya, zile nywele, zile harusi zote. Lakini mimi hii tamthilia nimekaa nayo miaka na miaka, mwanzoni kwa kulazimishwa na shangazi yangu ambaye ikishaanza hata ubishe hodi hafungui, baadae kwa hiari yangu mwenyewe, na kila nikiirudia naona kitu kilekile, wanaume humu ndani ni mpira tu, wenye mechi ni wanawake wawili, Stephanie Forrester, mama yake Ridge, na Brooke Logan, binti anayempenda Ridge.

Historia kidogo kwanza. Ilianza kurushwa 23 Machi 1987 kwenye CBS kule Marekani, kazi ya mume na mke, William J. Bell na Lee Phillip Bell, ambao tayari walikuwa na The Young and the Restless tangu 1973. Huyu mzee Bell kuandika alifundwa na Irna Phillips, mama aliyeanzisha Guiding Light redioni 1937, enzi ambazo makampuni ya sabuni kama Procter & Gamble ndo yalikuwa yanalipia hii michezo ya mchana ili kina mama walioko nyumbani wasikie matangazo, na jina la michezo ya sabuni likabaki mpaka leo japo humu sijawahi kuona mtu anafua hata leso. Kwahiyo ukiona Brooke kasimama mlangoni, kamera imemganda usoni, muziki unapanda afu imekatwa hapohapo, ujue huo ujanja ni wa tangu kwenye redio, urudi kesho, na kesho ukirudi unamkuta bado yuko mlangoni.

Kitu walichopatia ni muda. Nusu saa tu, Jumatatu mpaka Ijumaa, wakati wenzao wengi ni saa nzima. Kwahiyo hawawezi kujaza watu hovyo, unapewa familia chache, kampuni moja ya mavazi Los Angeles inaitwa Forrester Creations, ofisi yenye sofa, na sebule yenye meko na picha kubwa ya kuchora juu yake. Hiyo picha iangalie vizuri maana ndo kiti cha ufalme. Aliyetundikwa pale juu ndo mama mwenye nyumba, na miaka mingi aliyekuwa pale ni Stephanie. Alipokuja Quinn kuolewa na Eric, aliyekuwa mume wa Stephanie, akataka yake iwekwe, ukoo mzima ulichafuka, watu wazima wanagombania msumari.

Sasa ugomvi wenyewe. Brooke anaingia mwanzoni kabisa kama binti wa watu wa kawaida, mama yake Beth anapikia sherehe za wenye hela, yeye anasoma kemia, amemuona Ridge basi akili ikahama. Ridge wakati huo ana mchumba, Caroline Spencer, binti wa tajiri wa magazeti. Stephanie akamsoma Brooke palepale akasema huyu hapana. Unaweza kudhani ni roho mbaya ya tajiri tu, mpaka uje kujua kwamba yule Beth ndo alikuwa mpenzi wa Eric chuoni kabla Stephanie hajashika mimba na Eric akamuoa yeye. Kwahiyo kila akimwangalia Brooke anamuona Beth amerudi kudai chake. Mama mkwe kumchukia mkwe tumeona kwenye tamthilia mia, ila hapa chuki ina mizizi, na walikuwa wanakufunulia mzizi mmojammoja kwa miaka.

Na mzizi wa mwisho ndo ulikuwa kiboko. 2001 ikajulikana ile mimba iliyomfanya Eric aoe wala haikuwa ya Eric, ilikuwa ya mwanaume mwingine, Massimo Marone, na mtoto mwenyewe ndo Ridge. Miaka kumi na nne tunaangalia Ridge anaringa na jina la Forrester, kumbe! Shangazi siku hiyo alisimama. "Yaani ndoa nzima imejengwa juu ya mimba ya mtu!" Akakaa. Akasimama tena. Nikamwambia shangazi kaa unaniziba, akanijibu "we mtoto nyamaza, hujui ndoa."

Brooke nae sio malaika jamani, tusidanganyane. Ridge alipomponyoka akaolewa na Eric, yaani baba mtu, mume wa Stephanie, akamzalia Rick na Bridget. Ile kemia aliyosoma ikamtoa vilevile, akavumbua dawa ya kufanya kitambaa kisikunjamane, akaiita BeLieF kutokana na herufi za jina lake, Brooke Logan Forrester, akaitumia kuwabana hao matajiri mpaka kampuni ikawa mkononi mwake. Hiyo sehemu naipenda kuliko harusi zote, mtoto wa mpishi anakalia kiti cha bosi kwa sababu ya maabara na wala sio kitanda. Afu mbele huko akaja kuniangusha, akabeba mimba ya Deacon, mume wa binti yake Bridget. Mkwe wake! Hope akazaliwa 2002. Nilisusa wiki nzima, nikarudi kuona Stephanie atasema nini.

Maana Stephanie kusema alikuwa anajua. Susan Flannery aliyemcheza alibeba tuzo ya Emmy ya mchana ya mwigizaji bora wa kike 2000, 2002 na 2003, na ukimwangalia unaelewa kwanini, wenzake wanalia kwa sauti, yeye anakaza midomo tu anakuangalia mpaka unajisikia umefanya kosa hapohapo ulipo kwenye kochi. 2010 wakampa stori ya kansa ya mapafu, na mwaka huohuo wakamtoa kwenye jumba wakampeleka mitaa ya Skid Row, pale Los Angeles wanapolala watu wasio na makazi, na baadhi ya mliowaona pale ni watu wa palepale kweli, sio waigizaji. Kwa tamthilia ya wanawake wenye gauni za jioni saa nne asubuhi, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Sasa njooni 2012, ndo ushahidi wangu. Mwaka huo waliondoka wawili, Ronn Moss aliyemcheza Ridge tangu siku ya kwanza, na Susan Flannery. Ridge walifanyaje? Walikaa mwaka na ushee, Desemba 2013 wakamleta Thorsten Kaye, uso mwingine, sauti nyingine, ndevu, wakasema huyu hapa Ridge, tukanung'unika, tukazoea, maisha yakaendelea. Stephanie hawakuthubutu. Walimuua Novemba, kule kwenye nyumba ya milimani Big Bear, na hawakumweka mumewe pembeni yake, hawakuweka hata mwanae mmoja. Aliyekuwa amemshika ni Brooke. Miaka 25 ya matusi na makofi, afu yuko mikononi mwa huyohuyo. Unaweza kucheka mengi humu, ile sini hucheki. Shangazi alizima tivii akaenda kulala bila kusema kitu, na ndo ukawa mwisho wake wa kuangalia, mimi nikaendelea peke yangu.

Baada ya hapo, kusema ukweli, imeshuka. Waandishi (Bradley Bell, mtoto wa waanzilishi, ndo kiongozi wao) wamejaribu kurithisha ule ugomvi, Hope wa Brooke kwa upande mmoja, Steffy mjukuu wa Stephanie mwenye mpaka jina la bibi yake kwa upande wa pili. Kwenye karatasi inaeleweka. Shida ni kinachogombaniwa, Liam, mwanaume anayebadili mawazo kati ya mlangoni na kwenye gari, leo nakuoa we, kesho nilikosea nakuoa yule, miaka na miaka. Stephanie na Brooke walikuwa wanagombania jina na kampuni na nani ana haki ya kuitwa wa humu ndani. Hawa wanagombania Liam.

Kinachoniokoa mimi ni vituko, na hapo bado hawana mpinzani. Sheila Carter aliletwa 1992 kutoka The Young and the Restless, walidhani kule amekufa kwa moto kumbe yuko Los Angeles anatafuta kazi kwa kina Forrester. Huyu mama ameua, ameteka, amefungwa, ametoroka. 2022 alijikata kidole cha mguu akakiacha ili waseme ameliwa na dubu. Dubu! Na waliamini. Afu 2024 Steffy akamchoma kisu, akafa, maiti ikaonekana, tukasema sasa basi, mpaka Deacon akakumbuka alichokiona: maiti ina vidole kumi. Sheila ana tisa. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Stori ya kijinga, sikatai, ila mtu aliyekumbuka kile kidole miaka miwili baadae anaijua kazi yake. Taylor nae, aliyewahi kuwa mke wa Ridge, ukitaka kuhesabu mara alizokufa akarudi, ndege, risasi, tafuta daftari.

Na kipindi cha korona sitakisahau. Walisimama Machi 2020, Juni hiyohiyo wakawa wa kwanza kati ya tamthilia za mchana za Marekani kurudi studio, ila waigizaji marufuku kusogeleana. Sasa mabusu mtafanyaje? Wakaleta wenza halisi wa waigizaji wasimame badala, na pale ilipobidi wakatumia mdoli, ile sanamu ya kuvalishia nguo. Unaangalia mahaba huku unamtafuta mdoli ni yupi. Ungedhani wangeificha hiyo aibu, wapi, wakaipa stori kabisa, Thomas, mtoto wa Ridge, akaumia kichwa akawa anaongea na mdoli uliovalishwa kama Hope na mdoli unamjibu. Wenzao wakubwa walishakufa, Guiding Light 2009, As the World Turns 2010, hii inaongea na midoli na bado ipo.

Kwahiyo naipaje? Miaka ya Stephanie naipa 9 juu ya 10, moja nimekata kwa ajili ya Deacon. Baada ya 2012 naipa 5, na nusu ya hizo ni za Sheila na kidole chake. Ukitaka kuanza usianze na za sahivi utachanganyikiwa, tafuta zile za mwanzo, picha ina ukungu, mabega ya nguo yamejaa sponji, lakini John McCook na Katherine Kelly Lang wamo tangu episodi ya kwanza na mpaka leo ndo haohao Eric na Brooke, na kuna raha fulani kumuona mtu yuleyule akiwa binti kwenye vidio moja na bibi kwenye nyingine bila kubadilishiwa sura. Ukiwa mtu wa kutaka stori iishe, hii achana nayo kabisa.

Shangazi mpaka leo hagusi, lakini kila nikimpigia, salamu zikiisha, ananiuliza kwa sauti ya chini kama anauliza habari za jirani: "enhe, Brooke yuko na nani sasa hivi?" Juzi nikamwambia shangazi, karudiana na Ridge. Akanyamaza kidogo.

"Ridge yupi?"