Uzoefu wangu: maonyesho ya Dóra Maurer, Tate Modern

Maonyesho haya yalifunguliwa Agosti 2019 katika jumba la sanaa la Tate Modern, London, kiingilio bure, na mpaka leo nikikutana na mtu anayependa sanaa namsimulia. Kazi za mama huyu, msanii wa Hungaria, zikiwekwa popote karibu nawe, nenda.

Maurer alizaliwa Budapest mwaka 1937 na akasomea sanaa ya uchapaji hukohuko. Ametumia bamba la kuchapia, kamera, filamu na rangi, hata ukipita haraka utadhani unaangalia wasanii wanne. Lakini karibu kila kazi inaanzia kwenye kitendo kimoja kidogo, anachokifuatilia hadi mwisho wake. Mwaka 1970 alirusha bamba la kuchapia kutoka juu sana, kisha akalichapa vilevile lilivyopinda. Karatasi inaonyesha mwanguko wenyewe.

Kilichonishika kuliko vyote ni Timing, filamu aliyoianza 1973 na kuikamilisha 1980. Ni dakika kumi hivi, haina sauti wala rangi. Mikono inakunja kitambaa cheupe mbele ya giza, nusu kwa nusu, mpaka kinabaki kipande kidogo. Kisha kitendo kilekile kinarudi, safari hii fremu imegawanywa mbili, baadaye nne, baadaye nane, kila sehemu ikiwa imerekodiwa kwa wakati wake kwenye mkanda uleule. Hapo utamu unaanza. Mikono ya binadamu haiendi sawasawa kila mara, kwa hiyo mikunjo inapishana, kitambaa kinakatika na kuungana. Wengi walisimama kidogo wakaondoka, nami niliwasikitikia kwa dhati, maana sehemu za mwisho ndizo zenye uhondo.

Tukumbuke pia alikuwa akifanya haya wapi. Serikali ya kikomunisti ya Hungaria ilipanga sanaa katika mafungu matatu: inayosaidiwa, inayovumiliwa na inayopigwa marufuku. Majaribio ya namna hii hayakuwa na msaada wowote wa kutegemea. Hata hivyo, kati ya 1975 na 1977, yeye na msanii mwenzake Miklós Erdély waliendesha mazoezi ya ubunifu katika nyumba ya utamaduni ya kiwanda cha Ganz-MÁVAG. Ualimu huo unaonekana kwenye kazi zake: anakuonyesha hatua kwa hatua, hakufichi kitu.

Michoro yake ya miaka ya karibuni ina rangi kali zinazopandana, na ubao ulio bapa kabisa unaonekana umejikunja kama tanga lililoshika upepo. Inapendeza mno. Kwangu mimi, hata hivyo, kazi za miaka ya 1970 zina uzito zaidi, na bila kuona kitambaa kikikunjwa nisingeielewa michoro hii nusu ya nilivyoielewa.

Nampa nyota tano. Ukienda na watoto, wao waanzie kwenye rangi. Wewe anza na Timing, na ukae mpaka iishe.