Mahame ya Dartmoor: siku moja Grimspound na Hound Tor

Nilijiunga na matembezi ya siku moja yenye mwongozaji katika nyanda za juu za Dartmoor, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa kuwa nilitaka kuona kwa macho yangu makazi ya watu waliojenga mahali ambapo leo hakuna shamba wala kivuli, ila majani magumu, mboji iliyoloa maji na upepo usiotulia. Kuingia katika mahame yote mawili ni bure, hivyo unachokilipia ni maarifa ya mwongozaji tu.

Tulianzia Grimspound, makazi ya Zama za Shaba Nyeusi yenye umri wa takriban miaka 3,000, ambako ukuta mnene wa granaiti umezunguka mabaki ya nyumba 24 za duara. Wajenzi wake waliziezeka kwa miti na majani juu ya msingi wa mawe, kwa hiyo yeyote anayeijua nyumba ya msonge hahitaji kuchorewa picha. Mwongozaji alitueleza wazi kwamba wachimbaji wa mwaka 1894 walisimamisha upya baadhi ya mawe tunayoyaona, nami nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu mgeni asiyeambiwa angedhani kila jiwe liko pale lilipowekwa tangu mwanzo. Mbele ya mlango wa nyumba moja kuna ukuta mfupi uliopinda kama kiwiko. Nilichuchumaa nyuma yake, na upepo uliokuwa ukinipiga usoni asubuhi nzima ukakatika papo hapo.

Hound Tor, kijiji cha Zama za Kati, ndicho kilichonigusa zaidi. Zimebaki kuta za nyumba ndefu ambamo watu na ng'ombe waliingia kwa mlango mmoja, watu wakikaa upande wa juu wa mteremko na mifugo upande wa chini, ili uchafu wa zizi utiririke kuelekea nje bila kupita jikoni. Mimi ni mtoto wa Uchagani, na nyumba ambayo bibi alinisimulia, ng'ombe wakicheua hatua chache kutoka kitandani na joto lao likisaidia usiku wa baridi, niliiona pale kwa mawe. Karibu na nyumba hizo yapo maghala yenye matanuri ya kukaushia nafaka, ishara ya wakulima ambao jua halikuwatosha kukaushia mavuno yao. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 15 kijiji kilikuwa kimehamwa. Tauni iliyofika Uingereza mwaka 1348 hutajwa miongoni mwa sababu, pamoja na hali ya hewa iliyozidi kuwa mbaya.

Hapa ndipo ninapolalamika. Tulipewa dakika ishirini tu Hound Tor, mwisho wa siku, huku dereva akituita, na uchimbaji uliofanyika kati ya 1961 na 1975, ambao ndio ulioifunua mipango hiyo ya nyumba, haukutajwa kabisa. Mahali penye mengi hivyo ya kusoma kwenye mawe panahitaji saa mbili.

Naipendekeza safari hii kwa yeyote anayependa historia ya makazi, ila omba mapema muanzie Hound Tor, vaa gambuti, na beba koti la mvua hata kama asubuhi imekucha na jua.