Redio ya kuzungusha mkono: nimekaa nayo masika mazima

Unguja ilipokaa bila umeme miezi 3, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nilikuwa na mtoto mchanga na kandili moja. Tangu hapo nyumba yangu haikosi ndoo ya dharura: lita 20, mfuniko wa kubana, ndani mna vyeti vya watoto vilivyofungwa kwenye plastiki, dawa za presha za mama, vidonge vya kutibu maji, pakiti za ORS na tende. Siku zote kilichonishinda ni mwangaza. Mawe ya tochi yakikaa sana huvuja, yakaila tochi yenyewe. Mei 2024, kimbunga Hidaya kinasogea, nilifungua ndoo nikakuta tochi imeota kutu, na simu haina chaji.

Ndipo nikanunua Darajani redio hii ndogo, yenye mkono wa kuzungusha, sola ya ukubwa wa kiganja, tochi ubavuni na tundu la kuchajia simu. Nilitajiwa elfu 60, nikalipa 45.

Tochi imeniridhisha mno. Nilipima kwa saa: kuzungusha dakika 1 kulinipa mwangaza wa dakika 9, chumba kizima kinaonekana. Redio nayo inashika ZBC vizuri hapa Mwanakwerekwe, hata mvua ikipiga bati, na taarifa za hali ya hewa nazipata bila kutegemea bando. Lakini lililonifurahisha zaidi ni mama. Ana miaka 78 na vidole vyake vina baridi yabisi. Aliichukua, akaizungusha taratibu mpaka taa ikawaka. “Hii naiweza, mwanangu.” Maji yakijaa mtaani nami niko kazini, hatokaa kizani.

Chaji ya simu ni maneno ya dukani tu. Muuzaji aliniambia, “Mama, simu inajaa kabisa.” Tulizungusha robo saa, mimi na mwanangu kwa zamu, ikapanda asilimia 3. Betri yake ni ndogo kuliko ya simu, itaijazaje? Itakufaa kupiga simu moja ya kuulizana mko wapi. Kwa chaji ya maana, weka pawabanki na uijaze mapema mawingu yakianza kutanda.

Jengine, kile kifuniko cha mpira kwenye tundu la chaji kimelegea, kwa hivyo usiiache mvuani. Yangu naitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya ndoo, na kila mwanzo wa mwezi naitoa uani ipate jua kutwa, betri isife kwa kukaa tupu. Siku za mawingu sola haifanyi kitu.

Juzi nimemchukulia dada yangu wa Wete. Ya kwanza niliyopewa mkono ulikuwa unazunguka mwepesi, taa haiwaki, nikairudisha palepale. Izungusheni na muisikilize kabla ya kutoa pesa.