Mwajiri akifilisika Uingereza: tathmini ya huduma inayowalipa wafanyakazi

Kampuni inapofilisika nchini Uingereza, mfanyakazi anayedai mshahara halazimiki kusubiri mpaka mfilisi auze magari na samani ndipo apate chake. Serikali ina huduma iitwayo Redundancy Payments Service, ambayo humlipa kutoka Mfuko wa Bima ya Taifa, kisha yenyewe ndiyo inayobaki kumdai mwajiri fedha hizo. Huduma hiyo inahusu England, Scotland na Wales. Ireland Kaskazini ina utaratibu wake. Naitathmini hapa kwa ajili ya wasemaji wenzangu wa Kiswahili walioajiriwa huko katika nyumba za kutunzia wazee, maghala na hoteli.

Kwa upande wa fomu sina lawama kubwa. Maombi hufanywa mtandaoni bila malipo, na maswali yenyewe ni ya kawaida: ulianza kazi lini, siku yako ya mwisho ilikuwa ipi, ulikuwa ukilipwa kiasi gani kwa wiki, umebakiwa na siku ngapi za likizo. Hakuna sababu ya kumlipa mtu akujazie. Kinachohitajika ni namba ya shauri inayoanza na herufi CN, ambayo hutolewa na mfilisi, na ni busara kuidai mara tu unapopata barua yake ya kwanza. Huduma hulipa mshahara uliolimbikizwa usiozidi wiki 8, likizo isiyozidi wiki 6, fidia ya notisi ya kisheria na, kwa aliyetimiza miaka 2 kazini, malipo ya kupunguzwa kazi. Hata hivyo wiki moja ina kikomo chake: kwa walioachishwa kati ya tarehe 6 Aprili 2025 na 5 Aprili 2026, kikomo hicho ni pauni 719, hata kama mshahara wako ulikuwa mkubwa zaidi.

Ugumu uko kwenye muda. Malipo ya kupunguzwa kazi yanapaswa kuombwa ndani ya miezi 6 tangu kuachishwa, na watu wengi wakishaisikia miezi 6 hudhani kwamba kila dai lina nafasi hiyo hiyo. Sivyo. Huduma ikikataa kulipa mshahara au likizo, au ikilipa pungufu, una miezi 3 tangu ulipoarifiwa uamuzi huo kulalamika kwenye Baraza la Ajira (Employment Tribunal, chombo kinachoamua migogoro ya kazi), na kuendelea kuandikiana barua pepe na ofisi hakusimamishi hesabu hiyo.

Linalowaponyoka wengi zaidi ni dai dhidi ya mwajiri mwenyewe. Mwajiri anayepanga kupunguza watu 20 au zaidi katika eneo moja la kazi ndani ya siku 90 anatakiwa kwanza kushauriana na wawakilishi wao; akifunga mlango ghafla, Baraza linaweza kuwapa wafanyakazi tuzo maalumu, na huduma italipa sehemu ya tuzo hiyo, lakini baada ya hukumu tu. Kwa muda mrefu ukomo wa dai hilo, kama wa madai mengi ya ajira, umekuwa miezi 3 kasoro siku 1, na kabla ya kulifungua ni lazima kupitia upatanisho wa Acas, shirika la umma la kusuluhisha migogoro ya kazi. Sheria ya Haki za Ajira ya 2025 imepanga kurefusha ukomo wa madai mengi hadi miezi 6, kwa hiyo hakikisha kwanza ni kanuni ipi inayotumika kwa tarehe yako. Halafu kuna mtego: kampuni iliyowekwa chini ya msimamizi (administrator, anayeiendesha baada ya kufilisika) haishitakiwi bila idhini ya msimamizi huyo au ya mahakama, na mfanyakazi akiambiwa hivyo hutulia akisubiri. Ukomo haumsubiri. Fungua dai ndani ya muda, hata kama litasimamishwa hadi idhini ipatikane.

Wenye viza za kazi huogopa hata kuomba, wakidhani ni msaada wa serikali uliokatazwa kwenye viza zao. Malipo haya hayamo katika orodha ya misaada hiyo. Wanachopaswa kukifuatilia zaidi ni barua ya uhamiaji, kwa kuwa mwajiri mdhamini akipotea, kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mwingine au kuondoka.

Malalamiko yangu ya mwisho ni kuhusu fidia ya notisi, ambayo huombwa peke yake baada ya kipindi cha notisi kumalizika, na kipato cha kazi mpya uliyopata katika kipindi hicho hukatwa. Kwa mtu aliyefanya kazi miaka 10, hiyo ni notisi ya wiki 10, yaani zaidi ya miezi 2 kabla ya kuwasilisha ombi la pili. Mpangilio huo una mantiki, lakini barua inayoutangaza ingestahili kuweka tarehe ya ombi la pili juu kabisa, kwa wino mzito.