Kitabu cha 2024 au kijitabu cha 1981? Hebu tazama dadu mbili hizi

Habari za jioni, watu wangu! Karibuni tena mezani hapa South B. Leo nina vitabu viwili. Mkono wa kulia, kitabu kipya cha wachezaji cha Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu na masimulizi, toleo la 2024: kurasa 384, jalada gumu, picha za kukufanya usahau kusoma. Mkono wa kushoto, kijitabu cha 1981 cha mchezo huohuo: kurasa 64 tu. Hiki nilikinunua kama faili kwenye duka rasmi la mtandaoni, nikapeleka kwa fundi mmoja pale River Road, akanichapishia na kunifungia kwa spairo. Tazameni kilivyo chembamba. Kinaingia kwenye mfuko wa koti.

Historia sitaianza kule 1974 na akina Gary Gygax na Dave Arneson, waliobuni mchezo huu, mnaijua. Taaluma 12 za wahusika kwenye kitabu kipya pia mnazijua. Niende moja kwa moja kwenye kilichonikosesha usingizi wiki hii.

Mimi nasimama na kijitabu hiki cha zamani. Na msiniambie ni kukumbuka utoto, kwa sababu mwaka 1981 sikuwa nimezaliwa. Nimekifikia nikiwa mtu mzima, baada ya miaka ya kucheza toleo la 2014, na kimenikamata kwa jambo moja. Sogezeni macho hapa. Nasogeza kamera... haya. Dadu mbili za kawaida, za pande sita, kama zile za ludo.

Wachezaji wako wameingia pangoni. Wako watatu, na taa moja. Kwenye kona wanakutana na magoblini sita, vile viumbe vidogo vikorofi vya hadithi. Nini kinatokea? Kwenye meza nyingi nilizoketi hapa Nairobi, jibu ni moja: panga nje, tupigane. Msimulizi, yaani anayeongoza mchezo, mwenyewe ameshapanga vita, ramani iko tayari, hakuna anayeuliza kama hao magoblini walikuwa wanataka kupigana.

Sasa kijitabu hiki kinamwambia msimulizi: kama hujui watakavyowapokea wageni, rusha dadu mbili. Narusha. Nne na tatu, saba. Tazama jedwali. Ukipata 2, wanakurukia papo hapo. Ukipata 3 hadi 5, wana uhasama na huenda wakashambulia. 6 hadi 8, hawajaamua, wanakutazama tu. 9 hadi 11, hawakushambulii, wanaenda zao au wanasikiliza ofa yako. Na 12, wamekupenda, karibu nyumbani.

Tuhesabu pamoja. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Njia ya kupata 2 ni moja tu. Moja katika 36! Njia za kupata 6 hadi 8 ni 16. Yaani karibu nusu ya mara zote unakutana na kiumbe ambaye hajui afanye nini nawe, kama vile wewe hujui ufanye nini naye. Hapo ndipo mchezo unapoanzia. Si kwenye upanga, ni kwenye salamu.

Narusha tena mwone. Tano na moja, sita. Bado hawajaamua. Tena. Sita na tano! Kumi na moja, wanasikiliza. Tena. Mbili na moja... tatu, hapa ukae chonjo. Lakini hata hapo ni "huenda".

Niwape mfano wa mezani kwetu. Achieng anacheza mwizi mwenye alama tatu za uhai. Tatu. Na kwenye kijitabu hiki ukifika sifuri umekufa, hakuna rufaa. Tulikutana na magoblini nane kwenye sehemu ya chini ya pango, nikarusha, ikaja saba. Kimya mezani. Achieng akaweka panga lake chini, kwa maneno yake mwenyewe akasema, "Wenyeji wetu, sisi ni wapita njia. Hapa nina unga nusu gunia na nyama kavu. Mnataka nini ili tupite?" Kwa sababu mhusika wake ana mvuto wa 13, ulio juu ya wastani, nikaongeza moja, nikarusha tena. Ikawa tisa. Magoblini wakakataa unga! Wakataka mienge, kwa sababu kule chini kulikuwa na kitu kinachoogopa moto na wao mienge yao ilikuwa imekwisha. Sikuwa nimeandika hilo popote. Lilinijia pale pale kwa sababu dadu zilinilazimisha nijiulize: viumbe hawa wanahitaji nini?

Akawapa mienge mitatu. Vikao vitano baadaye Achieng na wenzake walikuwa wanakimbizwa, na goblini mmoja akawafungulia mlango wa nyuma. Achieng alisimama kwenye kiti. Jirani akagonga ukuta.

Sasa turudi kwa kitabu kipya, nikitendee haki. Sisemi kimesahau mazungumzo. Kina kitendo maalumu cha kushawishi: unarusha dadu ya pande 20, unaongeza ujuzi wako, unatakiwa kufika 15, au kiwango cha akili cha kiumbe yule kama kimepita hapo. Ni sawa, kinafanya kazi. Ila dadu ya pande 20 haina mlima katikati. Moja ina nafasi sawa na kumi, kumi sawa na ishirini. Na swali limegeuka: si tena "hawa wamekujaje?" bali "wewe una namba gani?" Mwenye ujuzi mkubwa ndiye anaongea, wengine wanakunywa chai. Hilo linaniuma, kwa sababu meza yangu ina watu wapole ambao kwa namba wasingefungua mdomo kamwe.

Na kuna chanzo cha haya yote, nakiona kwenye hesabu ya uzoefu, zile pointi zinazompandisha mhusika ngazi. Toleo jipya: goblini wa kawaida ana pointi 50, ngazi ya pili inataka 300. Goblini sita. Kijitabu cha 1981: goblini ana pointi 5, na mpiganaji anataka 2,000 kufika ngazi hiyo ya pili. Goblini 400! Nani atafika? Lakini kila sarafu ya dhahabu unayotoa pangoni ukiwa hai ni pointi moja. Kwa hiyo mwenye akili hapigani. Anazunguka, anahonga, anadanganya, anachimba. Hata vita vikianza, akifa wa kwanza upande wao, msimulizi anapima ari yao kwa dadu mbili. Ari ya goblini ni 7. Ukirusha ikapita saba, wanakimbia. Hiyo ni njia 15 katika 36. Viumbe wanaotaka kurudi kwao wakiwa wazima, kama sisi.

Ngoja, ujumbe mfupi wa chaneli. Ule mchezo wetu wa moja kwa moja umehama kutoka Alhamisi kwenda Jumamosi saa nne asubuhi, kwa sababu Alhamisi mbili mfululizo stima imepotea tukiwa katikati. Kama hujajiunga, jiunge, bonyeza kengele.

Na hilo la stima linanikumbusha Shadowdark, mchezo mwingine wa aina hii, wa 2023. Mwenge mmoja huko unawaka saa moja ya kweli, ya saa yako ya mkononi. Tulicheza siku ya giza, mshumaa mezani, simu ikihesabu dakika. Nilipenda sana! Ina roho ya zamani na kanuni za kisasa. Pathfinder nayo, mchezo mwingine wa jamii hii, wanaoipenda mtanisamehe, kwangu ni namba nyingi mno kwa jioni moja baada ya foleni ya Mombasa Road.

Kuhusu ya zamani, kuna kitu sikipendi na nakisema wazi. Kinga. Kwenye kijitabu hiki namba ya kinga ikishuka ndiyo bora: mtu mwenye kinga 2 amejilinda kuliko mwenye 9, halafu unatafuta kwenye jedwali ndipo ujue kama umempata. Nimewaeleza watu hili mara ishirini na bado wananitazama kama nimesema uongo. Toleo la tatu, mwaka 2000, lilipindua hiyo hesabu, namba kubwa ikawa ndiyo bora, na lilifanya vizuri. Kwa hiyo hapo nakopa la wapya bila aibu.

Na kuna mpwa wangu wa miaka kumi. Nilimpa kijitabu hiki, mchawi wake akafa ndani ya dakika kumi na tano, akalia. Nikampa kitabu cha 2024, akachagua silaha inayomwangusha adui chini, akiishiwa uhai anarusha dadu kujiokoa, akacheka jioni nzima. Siwezi kumwambia amekosea. Kwa mtoto, kwa mgeni kabisa, kitabu kipya kinashika mkono vizuri kuliko hiki. Nilipokuwa naandaa video hii sikudhani ningesema hivyo.

Lakini bei, jamani! Dola 49.99 kitabu kimoja, karibu shilingi 6,500 kabla hujalipa kukileta, na seti kamili ni vitabu vitatu. Hiki changu kilifika kona imebondeka, tazameni hapa, na niliowapa kazi ya kukileta hawakujibu simu. Kwa hiyo msikimbilie kununua. Kanuni za msingi za toleo jipya zimewekwa huru mtandaoni chini ya leseni ya Creative Commons. Na kwa upande wa zamani, Old-School Essentials imepanga upya kanuni hizi za 1981, na toleo lake la msingi linapatikana bure. Dadu mbili za ludo unazo tayari nyumbani.

Kitabu cha 2024 nampelekea mpwa wangu Jumapili, kona iliyobondeka na yote. Kijitabu kinabaki hapa. Jumamosi tunaanzia kwenye mlango ule wa nyuma aliofungua goblini, na Achieng ameshaniambia amenunua mienge zaidi. Saa nne asubuhi, msichelewe.