Blowofu ya kopi kwa Forester XT: mlio ni moto, kuendesha ni balaa

Wasee wa Subaru, hii blowofu (valvu ya kuachilia presha ya turbo) niliitoa duka moja Kirinyaga Road, imechorwa jina kubwa la Kijapani lakini bei yenyewe inakwambia ni kopi. Nikafungia Forester SG5 ya turbo.

Mlio siwezi kuukosoa. Ukiachilia mafuta gia ya tatu inapiga pssshhh hadi makanga wa matatu anageuka, na kama ni hiyo tu unatafuta basi nunua uende.

Shida ni jam. Injini yake, EJ205, inapima hewa kwa sensa ya MAF iliyo baada ya filta, kabla ya turbo, na kompyuta inamwaga petroli kulingana na hewa iliyopita hapo. Valvu iliyokuja na gari inarudisha hewa kwa paipu ya kuingia turbo, hesabu inabaki sawa, lakini hii inaitupa nje, kwa hivyo petroli iko na hewa haiko, ukibadilisha gia inakohoa moshi mweusi na ukisimama kwa mataa rpm inashuka gari inataka kuzima, ukiwa na AC ndio kabisa.

Nikaifungua. Pistoni ina mikwaruzo upande mmoja, oringi imeanza kukatika, springi laini unaifinya na kidole. Springi ikiwa hivyo, injini ikinguruma tu bila mzigo inavuta valvu wazi na kunywa hewa haijapita filta, na vumbi la Nairobi mnalijua.

Halafu mafundi waache kutuuzia hadithi ati inaongeza nguvu, haiongezi hata farasi mmoja! Kazi yake ni kuachilia presha ukifunga throto (mlango wa hewa wa injini) isirudi kugonga turbo, na ile ya kiwanda inatosha kabisa kama hujapandisha busti, yaani presha ya turbo.

Wenye Caldina GT-T nyinyi mna afueni, injini yenu ya 3S-GTE inasoma presha ya manifoldi, kwa hivyo hewa ikitupwa nje haiharibu hesabu. Sisi wa MAF tafuteni ya kurudisha hewa ndani, hata blowofu ya HKS SSQV orijino ina kifaa cha kuifanya irudishe, na kampuni ya GFB wako na ya kugawanya, nyingine ndani nyingine nje. Pesa ikibaki badilisha hosi za vakyumu na klempu, huko ndiko busti huvujia.

Duka walinihudumia poa, ila kurudisha hawakubali, ati ikishafungwa ni yako. Kabla ulipe mwambie akufungulie uone springi.