Final Crisis niliyouziwa Mwanjelwa: "imekamilika" haikuwa kamili

Kibanda sikitaji jina. Kipo Mwanjelwa, upande wa mitumba, kinauza vitabu na majarida ya zamani yanayokuja kwa marobota, na ndani yake zinaibuka komiki za Marekani ambazo hapa Mbeya huzioni kwingine. Nilinunua Final Crisis, hadithi ya DC, kampuni ya Superman na Batman, namba 1 hadi 7, zimefungwa kwa mpira, Sh 21,000, yaani elfu tatu kila moja. Kabla ya kutoa hela niliuliza mara mbili kama hadithi imekamilika. Mara zote mbili nikajibiwa imekamilika.

Haijakamilika, na aliyeisoma anajua mapema naelekea wapi.

Matukio makubwa ya kukutanisha mashujaa huwa yana shina na matawi. Shina ni ule mfululizo wenye jina la tukio. Matawi ni vitabu vya pembeni vinavyotoka miezi ileile. Mara nyingi matawi unaweza kuyaruka. Civil War ya 2006, ya Marvel, washindani wa DC, ina namba 7 na matawi kibao, lakini ukisoma 7 peke yake unajua nani kapigana na nani na kwa sababu gani. Utakachokosa ni kifo cha Captain America, maana kile kipo kwenye kitabu chake mwenyewe, namba 25, baada ya vita kwisha. Secret Wars ya 1984 ni rahisi zaidi: mashujaa wanatoweka, wanapigana kwenye sayari nyingine kwa namba 12, wanarudi. Ukiikuta imefungwa kwa mpira, zote 12, chukua bila kuuliza.

Final Crisis haiko hivyo hata kidogo. Mwandishi wake, Grant Morrison, aliweka nyama ya hadithi nje ya shina. Mchukue Superman. Namba 3 anaachwa hospitalini kando ya mkewe Lois aliyejeruhiwa, anatoweka, kisha namba 6 anaibuka vita ikiwa imeshachacha. Alikuwa wapi? Jibu lipo kwenye Superman Beyond, vitabu viwili, vile vilivyotoka na miwani ya 3D. Na humo ndimo anapotambulishwa Mandrakk, mmoja wa Monitor, walinzi wa malimwengu, aliyegeuka mnyonya damu. Usipovisoma, unafika namba 7, unaona Darkseid, adui mkuu wa hadithi, kaisha, unavuta pumzi, halafu anatokea adui mwingine ambaye hujawahi hata kumsikia na pambano linaanza tena. Watu wengi wanasema mwisho wa Final Crisis haueleweki. Unaeleweka. Wamesoma bila kurasa zinazoueleza.

Batman naye hivyohivyo. Namba 2 ametekwa. Namba 6 amesimama mbele ya Darkseid na bastola mkononi, yeye aliyeapa kutoshika bastola maisha yake yote. Katokaje? Batman 682 na 683: watumishi wa Darkseid wamemfunga kwenye mtambo unaonyonya kumbukumbu zake ili watengeneze jeshi la nakala zake, na uchungu uliomo kwenye kumbukumbu zile ndio unaoushinda mtambo. Ni tawi zuri kuliko nusu ya shina.

Kwa hiyo mpangilio unaofanya kazi ni huu: namba 1 hadi 3, Superman Beyond zote mbili, Submit (tawi jingine, kitabu kimoja), namba 4 na 5, Batman 682 na 683, ndipo 6 na 7. Submit ukiikosa utaishi. Zile nne nyingine ukizikosa una gari bila giaboksi. Ukipata kitabu kilichokusanywa, Superman Beyond na Submit zimo ndani, lakini zile mbili za Batman kwenye toleo la kwanza hazimo, matoleo ya baadaye ndiyo yanazo, kwa hiyo angalia kabla ya kuzitafuta.

Sasa nieleze nilichojibiwa, maana ndicho kilichonifanya niandike. Nilirudi pale zile saba zikiwa bado na mpira wake. Sikudai hela. Niliomba kitu kimoja: kaka, niruhusu nichakure lile boksi la chini, huenda zile za Superman zilikuja na robota moja na hizi. Akazihesabu kwa kidole, moja mpaka saba. "Dogo, saba zote hizo hapo. Unataka nini tena? Vitabu vya watoto hivi." Na lile boksi akalisukuma kwa mguu, kwa ncha ya kandambili, mpaka likaingia chini kabisa ya meza, huku ananitazama.

Mimi si dogo wake. Na hivi si vitabu vya watoto. Fungua Crisis on Infinite Earths namba 8, ya 1985, Marv Wolfman kaandika na George Pérez kachora. Barry Allen, yaani Flash, shujaa wa mbio, anakimbia kuuzunguka mzinga wa adui hadi mwili wake unachakaa kwa mwendo, anakonda, anazeeka akiwa mbioni, mwishowe yanabaki mavazi matupu. Wakamwacha afe kweli. Miaka 23! Alikuja kurudishwa 2008, na kitabu anachorudi akikimbia ni hichihichi, Final Crisis, hizihizi saba alizonihesabia kwa kidole. Mtu anashika kitu cha namna hiyo mkononi, hajui ni nini, na hataki kuambiwa.

Kisha akanipa Green Lantern namba 1 ya 2011. "Chukua hii basi. Hii namba moja, inaanza mwanzo."

Haianzi mwanzo. Hapo ndipo hasira ilinipanda kabisa, ingawa nakubali kwamba uongo huu hakuutunga yeye, DC wenyewe waliupiga chapa kwenye jalada. Baada ya Flashpoint, tukio lao la 2011, walirudisha vitabu 52 vyote kwenye namba 1 kwa mpigo. Lakini Green Lantern ilikuwa inauza vizuri, hawakutaka kuivuruga, kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa hiyo namba 1 unamkuta Sinestro, adui wa siku nyingi, ana pete ya kijani, na Hal Jordan, Green Lantern mwenyewe, kafukuzwa kikosini. Kwa nini? Kwa sababu ya yaliyotokea kwenye mfululizo uliotangulia, ule ambao eti umefutwa. Batman naye hawakumgusa sana. Mashujaa wanaambiwa wamejulikana duniani kwa miaka 5 tu, na ndani ya hesabu hiyo Batman ameshapitisha wasaidizi watatu wa jina la Robin na yupo na wa nne, Damian, mwanawe wa kuzaa mwenye miaka 10. Wakati huohuo Superman anaanzishwa sifuri kabisa, kijana wa jinzi na buti. Unao ulimwengu mmoja wenye saa mbili ukutani, kila moja inasema lake.

Kuanza upya kunaharibikia hapo kila mara: wanafuta nusu. Mwaka 1985, kwenye ile Crisis, shabaha ilikuwa njema, kuunganisha Dunia zote sambamba za DC kuwa moja ili msomaji mgeni asipotee. Lakini vitabu havikuanza upya siku moja. Wonder Woman alianzishwa tena 1987 kama mgeni aliyefika duniani juzi, wakati Donna Troy, aliyekuwa msichana wa kufuata nyayo zake, alikuwa ameshapigana akiwa na Titans, kikosi cha mashujaa vijana, miaka na miaka. Mdogo katangulia kuliko mkubwa! Ikabidi Donna atungiwe asili nyingine. Power Girl alikuwa binamu wa Superman wa Dunia ya Pili. Dunia ile ikafutwa, yeye akabaki, wakampa ukoo wa Atlantis. Hawkman ndiye aliyeumia kuliko wote. Hawkworld ya 1989 ilisimulia asili yake upya, ilisimama peke yake, hakuna aliyedhurika. Kilipokuja kitabu cha kila mwezi 1990 wakasema hayo yanatokea sasa. Basi yule Hawkman aliyekaa na Justice League, kikosi kikuu cha mashujaa, miaka yote ile alikuwa nani? Wakabuni jasusi kutoka sayari ya Thanagar aliyejifanya ndiye. Kila kiraka kinadai kiraka kingine, hadi kitambaa chenyewe hukioni.

Marvel hawana la kujisifia hapa. Secret Wars ya 2015 ilipangwa namba 8, ikawa 9, ikachelewa hadi Januari 2016, na vitabu vipya vya "baada ya" vilishaanza kuuzwa Oktoba 2015. Msomaji akajua nani kapona kabla hajaona mwisho. Na bado ni hadithi nzuri mno, michoro ya Esad Ribić ukiitazama huamini ni karatasi. Ila usiichukue kama hujasoma New Avengers ya Jonathan Hickman iliyoanza 2013, utakuwa umeingia kanisani ndoa imeshafungwa.

Kwa wanaotaka namba 1 za 2011 zinazosimama zenyewe kweli, na pale Mwanjelwa zimo: Action Comics (ya Superman), Animal Man, na Batman ya Scott Snyder na Greg Capullo. Hii ya tatu ina ile hesabu mbovu ya Robin, lakini hadithi yake ya bundi haikudai cha nyuma.

Hali ya karatasi sina ugomvi nayo. Komiki ya kawaida ni karatasi nane zilizokunjwa, kurasa 32 pamoja na matangazo, zimeshikwa kwa pini mbili za stepla. Kwa ukungu na mvua za huku kwetu pini ndizo huanza kuoza. Kutu ikila karatasi ya katikati inachomoka, na yenyewe ina kurasa nne zinazofuatana, kuanzia ya 15 hadi ya 18. Kwa hiyo fungua katikati kwanza, vuta taratibu, angalia kama inashikilia. Zangu zote saba zilishika, pini nyeupe, hakuna harufu ya uvundo. Kuna siku nyingine nimeona pale Infinity Gauntlet namba 4 haina katikati na inauzwa bei ileile.

Nilianza kuandika nikiwa nimekusudia kusema msiende. Lakini elfu tatu ni bei ya haki. Iringa sijaona kibanda cha namna hii, na wa Tukuyu au Njombe anayetaka komiki ya kushika mkononi atapanda gari aje hapahapa. Basi nendeni. Hapana, subirini. Mtu akikuuzia cherehani bila bobini akakuambia imekamilika, utamsifia bei? Aliulizwa mara mbili! Angesema "sijui, kaka, kagua mwenyewe", ningelipa ileile elfu ishirini na moja na nisingekuwa na neno. Nendeni, lakini msimuulize chochote kuhusu hadithi, na msinunue furushi kwake. Kateni ule mpira mbele yake, hesabuni kwa orodha niliyoandika hapo juu, na bei mpatane baada ya hapo.

Green Lantern sikuichukua. Superman Beyond zote mbili bado nazitafuta. Mwenye nazo popote kuanzia Mafinga hadi Tunduma, hata kama miwani yake imepotea, nalipa elfu tano kwa kila moja na nauli ya basi juu yangu. Batman 682 na 683 pia, lakini hizo kwanza nitazame katikati.